Wakijiandikisha Wanane

Nimeagizwa kulimaliza kabati hili kufikia Ijumaa.
Miongozo ya kozi, mia moja na kumi na minne,
mmoja kwa kila mwaka, isipokuwa ule wa homa
walipolaza wagonjwa kwenye ukumbi wa mazoezi
na hakuna aliyekumbuka kupiga chapa.

Wa kwanza ni mwembamba kama kitabu cha risiti.
Hesabu za ghala. Mwandiko wa ubaoni. Kilatini, kwa wenye moyo.
Usafi wa kisima.
Na somo la lazima, mtihani wake alfajiri ya Januari:
kuwasha jiko la makaa ya mawe, vidole vimekufa ganzi,
darasa liwe na joto kabla mtoto wa kwanza hajafika.
Ragnhild Opdahl, miaka kumi na sita, alifaulu.
Karo: dola nne na magunia mawili ya viazi.
Alikuwa shangazi yake baba. Kovu la jiko alizikwa nalo.

Enzi hizo wabunge wa Dakota waligawa majengo
kama watu wagawavyo nyama ya ng'ombe mmoja:
mji huu gereza, ule hospitali ya wendawazimu.
Sisi wa Kessler Ford tuliomba gereza.
Gereza halikosi wageni, walisema wakubwa wa mji,
wala halifungwi kiangazi.
Tukapewa shule ya walimu. Walinuna miaka miwili,
kisha wakaichongea mlango wa jiwe.

Jiwe halina habari na yaliyofuata.
Shule ikawa chuo, chuo kikawa cha jimbo,
cha jimbo kikavaa koti la chuo kikuu;
kibao cha bati barabarani kimepakwa rangi mara tano,
lakini kuchonga upya ni ghali,
basi mpaka leo maprofesa wa kompyuta
hupita chini ya maneno SHULE YA WALIMU
na mbayuwayu kajenga juu ya herufi ya mwisho.

Nafunua, natia sandukuni. Arobaini na sita:
wanaume wametoka vitani, wanalala kwenye matrela
nyuma ya zizi la mafunzo.
Ufundi wa maziwa umejaa, falsafa imejaa,
mtu kakalia ndoo, anasikiliza.
Sitini na tisa: kurasa nene, Kirusi, falaki, uchongaji.
Tulidhani ngano itapanda bei milele.
Kisha karatasi zinaanza kukonda.

Mwaka huu kalamu nyekundu ya kamati imekata Kijerumani.
Profesa Reuter alibaki na wanafunzi watatu.
Alikuja dirishani kwangu kurudisha funguo,
akauliza kama atapata risiti.
Nikamwandikia: funguo mbili, lugha moja.

Kilichobaki si haba. Uhasibu, uuguzi, ualimu bado,
ufundi wa ile mitambo ya upepo
inayozunguka shambani kwa akina Thorsgaard.
Kemia ya jioni, ukurasa wa arobaini na nne.

Hiyo ndiyo aliyoiulizia Delphine Azure.
Ana watoto wawili na gari la taa moja,
hutoka maili tisini, kaskazini, karibu na mpaka.
Bila kemia hakuna uuguzi.
"Bado ipo?"
"Ipo," nilimjibu, kabla sijatazama.

Sasa nimetazama. Chini kabisa, herufi kama sisimizi:
Itafundishwa wakijiandikisha wanane.
Wapo saba.

Miaka thelathini na mmoja nagonga muhuri majina ya watu.
Mfanyakazi husoma bure, kanuni ya kumi na mbili;
nimewasomea wengine, hata mpishi, hata mkata nyasi.
Nje theluji imeanza, ile kavu isiyoshika.
Kabati litangoja.
Navuta fomu. Jina: Marlys Opdahl.
Umri. Wanauliza umri! Sitini na miwili.
Sababu ya kuchagua somo hili:
wameacha nafasi ya nusu mstari.
Naandika: kuwasha jiko.